Vibanio Tisa

Shimo lilikuwa limeshachimbwa. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloliona Bi Taratibu alipoingia lango la kituo cha kutotolesha vifaranga, Ijumaa saa tatu asubuhi: shimo la kina cha goti nyuma ya jengo, na Mlinzi kasimama kando yake na jembe, anajifuta jasho kama mtu aliyetoka makaburini.

"Nani kafa?" Bi Taratibu akauliza.

"Mayai, mama. Mia tatu na sitini. Tunazika saa nane."

"Nani kasema yamekufa?"

"Meneja."

"Kayapima?"

Mlinzi akacheka. "Meneja hapimi, mama. Meneja anajua."

Bi Taratibu akatoa daftari lake kwenye mkoba, akalamba ncha ya penseli, akayaandika maneno hayo kama yalivyotoka. Miaka thelathini alikuwa askari, akastaafu na cheo cha sajini na miguu inayouma, na hilo jina la Taratibu alibandikwa na vijana wa kazini wakidhani wanamsengenya. Yeye akalivaa kama khanga mpya. Waliomwita leo ni ushirika wa wafugaji, wenye mayai. Walitaka jibu moja: nani kazima mashine Jumatatu usiku, mayai yakiwa yamebakiza siku tatu tu kutotolewa? Jumanne asubuhi mashine ilikutwa imepoa. Alhamisi, siku ya kutotoa, hakuna hata yai moja lililopasuka.

Meneja alimpokea ofisini kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, kalamu tatu mfukoni.

"Kesi hii ni nyepesi, mama, usijichoshe. Mhudumu wa mashine kakiri mwenyewe."

"Kakiri kwa maneno gani?"

"Maneno gani tena? Kasema ndiyo."

"Uliuliza nini akasema ndiyo?"

Meneja akakuna kidevu. "Nilimuuliza: nani alifunga chumba, nani mwenye ufunguo, si wewe, una uhakika uliacha mashine inawaka, au ulitaka kuzima taa ya chumba ukazima mashine? Akasema ndiyo."

"Hayo ni maswali matano, bwana Meneja."

"Yote yana jibu moja."

Bi Taratibu akaandika: *maswali matano, ndiyo moja.*

"Huyu mhudumu," Meneja akaendelea, akishusha sauti, "mtu mwema, simsemi vibaya. Tunamwita Mama Vibanio. Lakini ana ule ugonjwa, wanauita baipola. Mara mtu yuko juu, halali siku nne, anataka kununua dunia. Mara yuko chini, hata kuoga hawezi. Sasa katulia, anakunywa dawa zake, mwaka wa pili huu. Ila akili yake ina likizo zake. Unamwita mara mbili ndipo anaitika. Aliletwa hapa na wifi yake, karani wetu, akamwekea dhamana ya heshima yake. Leo jioni nitamwachisha. Nimeshaandika barua."

"Barua na shimo," Bi Taratibu akasema. "Umejiandaa vizuri. Hakuna mwingine unayemshuku?"

"Yupo dereva tuliyemfukuza mwezi jana. Aliapa tutamkumbuka."

"Ana ufunguo?"

"Hana. Funguo ziko mbili: mmoja wa Mama Vibanio, mmoja uko kwenye droo ya karani."

"Kufuli lilivunjwa? Dirisha?"

"Hapana. Vyote vizima."

"Basi dereva tumwache na kiapo chake."

*

Chumba cha mashine kilikuwa kidogo, kisafi hata ungeweza kulia chakula sakafuni. Mashine yenyewe ilikuwa kabati la mbao lenye mlango wa kioo, na juu yake taa nyekundu ya ukubwa wa punje ya mahindi. Ukutani upande wa kulia, swichi mbili zimekaa jirani kama mke na mume: moja ya taa ya chumba, moja ya mashine. Bi Taratibu akazitazama kwa muda mrefu. Ile ya mashine ilikuwa mpya, nyeupe, haina maandishi wala alama. Ila juu yake, kwenye ukuta, kulikuwa na doa jekundu lililopakwa kwa rangi ya kucha.

Mwanamke wa miaka arobaini hivi alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine, akimimina maji ya uvuguvugu kwenye sinia la chini. Kwenye ukingo wa aproni yake, upande wa kushoto, kulikuwa na vibanio vya nguo vimejipanga kama ndege kwenye waya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mayai si yamekufa? Mbona unayapa maji?"

Mama Vibanio akamaliza kumimina kwanza. Akaweka jagi chini. Ndipo akageuka.

"Nimeambiwa saa nane. Sasa si saa nane."

Bi Taratibu akavuta kigoda, akakaa. Hakuuliza kitu mpaka mwenzake naye akakaa.

"Nitakuuliza moja moja. Ukishindwa, sema nimeshindwa. Haraka sina."

"Ahsante," yule mwanamke akasema, mabega yakashuka. "Watu wakiniuliza mengi kwa pamoja, mimi huchukua la mwisho, mengine yanamwagika."

"Ni ugonjwa?"

"Ni mabaki yake. Daktari wangu alinieleza kwamba hata ukitulia, usiwe juu wala chini, kwa wengine umakini hubaki na ufa. Wapo wenye ugonjwa huu huu ambao hawapungukiwi hata chembe. Mimi ndoo yangu inavuja. Wawili wakiongea kwa pamoja, nawapoteza wote. Nikianza jambo na simu ikalia, lile jambo limekwenda na maji. Na nachelewa kujibu. Watu wanadhani sijasikia, kumbe ndiyo kwanza nalipanga."

"Na vibanio?"

Kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Hiyo ni dawa yangu nyingine, haiuzwi dukani. Jioni nina kazi tisa. Nikifanya moja, naitaja kwa sauti, nahamisha kibanio kutoka kushoto kwenda kulia. Joto. Daftari. Maji. Swichi. Mlango wa mashine. Tochi ya kupimia mayai kwenye droo. Dirisha. Taa. Kufuli. Sitoki langoni mpaka kushoto pawe patupu."

"Jumatatu palikuwa patupu?"

Mama Vibanio akatazama mikono yake. "Patupu. Hapo ndipo ninapoogopa, mama. Kazi nikiachishwa, nitalia nitanyamaza. Lakini kama kibanio kilihama na mkono wangu ukafanya kingine, basi sina tena pa kushika. Nitaamkaje kesho? Nitajuaje kama dawa nimekunywa, kama jiko nimezima?"

Bi Taratibu akaandika: *anaogopa vibanio kuliko barua.* Kisha akauliza:

"Kumbukumbu ya swichi unayo? Umeiona akilini mwako?"

"Sina. Kukumbuka si kazi yangu, ni kazi ya kibanio."

"Meneja anasema ulikiri."

"Aliuliza kama nina uhakika. Mtu kama mimi anasemaje ana uhakika?"

Bi Taratibu akafungua daftari la joto lililoning'inia kwa kamba. Jumatatu, saa kumi na mbili na robo jioni: nyuzi thelathini na saba na nusu. Jumanne, saa moja asubuhi: ishirini na nane. Mwandiko ni ule ule, wa polepole, wima kama uzio. Tangu mwezi wa nne hakuna mstari hata mmoja uliorukwa.

"Jumanne asubuhi ulikuta swichi imekaaje?"

"Imeelekea chini. Nikaipandisha juu haraka."

Penseli ikasimama. "Ukaipandisha juu, kuiwasha?"

"Ndiyo. Hii ya mashine inawaka ikiwa juu. Ile ya zamani iliungua Jumatatu mchana, ikanuka, fundi umeme akaja akabadilisha. Kaifunga kichwa chini miguu juu. Nikajua nitasahau, nikapaka rangi pale. Penye rangi ndipo penye uzima."

"Ulimwambia nani?"

Akafikiri. Bi Taratibu akamwachia muda. Nzi akazunguka chumba kizima akatoka.

"Sikumwambia mtu," akasema mwishowe. "Wakati namaliza kupaka, simu ya wateja ililia."

*

Mlinzi alikutwa kwenye kibanda chake, anakunywa chai.

"Jumatatu jioni ulimwona Mama Vibanio akitoka?"

"Nilimwona. Saa kumi na mbili na nusu, mama yake mzazi kamsubiri hapa langoni kama kila siku. Wakaondoka wameshikana mikono."

"Baada ya hapo?"

"Akarudi. Inakaribia saa moja, giza ndiyo linaingia, nikaona taa ya chumba cha mashine imewaka kidogo, ikazimika. Nikasema, yule tena, kasahau kitu."

"Ulimwona akirudi, au uliiona taa?"

Mlinzi akaweka kikombe cha chai chini.

"Niliiona taa," akasema.

"Alipita langoni mara ya pili?"

"Hakupita. Ee Mungu wangu! Hakupita."

"Wewe ni mlinzi. Hukushtuka taa kuwaka chumba kilichofungwa?"

"Ningeshtuka kama angekuwa mtu mwingine. Lakini yule, si tunamjua?"

"Hilo ndilo tatizo la kumjua mtu," Bi Taratibu akasema. "Ukishamjua, unaacha kumtazama. Saa hizo nani alikuwa bado yumo ndani?"

"Mimi, na karani. Karani hutoka wa mwisho kila siku. Mchapakazi yule."

Kabla ya kurudi ndani, Bi Taratibu akampigia fundi umeme. Fundi alikuwa juu ya paa la mtu, anapiga kelele ili asikike.

"Ndiyo, niliigeuza! Waya ulikuwa mfupi, haukufika! Nilimwambia yule mama wa mashine, akaitikia, akachukua rangi ya kucha akaweka alama mbele yangu! Nikasema huyu mama ana akili kuliko mimi! Kwani kuna shida?"

"Hakuna, fundi. Shuka salama."

*

Saa nane kasorobo, Bi Taratibu akawakusanya chumbani: Meneja, Mama Vibanio, na Karani, mwanamke mrefu mwenye miwani, macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri tangu Jumatatu. Karani akaenda kusimama karibu na wifi yake, akamrekebishia kola ya gauni kama vile anampeleka shuleni.

"Bwana Meneja," Bi Taratibu akasema, "mashine ile, sasa hivi, imewashwa au imezimwa?"

Taa nyekundu wakati huo ilikuwa imezimika. Meneja akaitazama taa, akatazama swichi iliyoelekea juu, akapiga ulimi.

"Imezimwa! Unaona? Hata leo kasahau!" Akanyoosha mkono aibonyeze chini.

Bi Taratibu akaushika mkono hewani. Kwa mtu wa miguu inayouma, mikono yake ilikuwa na mbio.

"Fungua kioo, uguse ndani."

Meneja akagusa. "Kuna joto," akasema taratibu.

"Taa nyekundu inawaka mashine inapokuwa inaongeza joto. Joto likitosha, taa inazimika, mashine inapumzika. Na swichi hii imefungwa kichwa chini. Juu ni kuwasha. Chini ni kuzima. Sasa nisikilizeni, moja moja."

Akasimama mbele ya zile swichi mbili.

"Mnasema Mama Vibanio alitaka kuzima taa ya chumba, akakosea akashika ya mashine. Haya. Taa ya chumba inazimwa kwa kupeleka wapi?"

"Juu," Meneja akasema.

"Angekosea, angeipeleka hii ya mashine wapi?"

"Juu vile vile."

"Juu ni uzima wake. Angekosea mara mia, mashine ingebaki inawaka. Na dereva mwenye kisasi, asiyejua kuwa imegeuzwa, naye angekuja kuizima angeipeleka juu. Lakini ilikutwa chini. Mtu aliyeipeleka chini, mkono wake ulikuwa unafanya nini?"

Meneja alikuwa anajaribu kwa kidole hewani, juu, chini, juu.

"Aliyeizima," Bi Taratibu akasema, "alitaka kuiwasha."

Karani akavua miwani. Akaishika kwa mikono miwili, kama hajui ni ya nani.

"Mwanangu," Bi Taratibu akamwambia kwa upole, "huwa unakuja humu kila jioni?"

"Kila jioni," Karani akasema. Sauti ilikuwa haina nguvu. "Tangu siku ya kwanza. Miezi kumi na moja. Wifi akitoka, nachukua ufunguo wa droo, naingia, natazama, nafunga. Ni mimi niliyemleta. Nilisema, akisahau kitu nitakiziba kabla hakijaonekana."

"Miezi kumi na moja ulikuta amesahau nini?"

"Hakuna. Hata siku moja."

"Jumatatu?"

"Jumatatu nikakuta taa nyekundu imezimika, swichi iko juu. Nikasema, basi, leo ndiyo leo. Nikaibonyeza chini nikatoka mbio, Mlinzi asinione. Taa haikuwaka. Nikasema itawaka yenyewe, swichi ya zamani nayo ilikuwa na uvivu." Machozi yakaanza. "Asubuhi mashine ikawa ya baridi, nikadhani mayai yalishapoa kabla sijafika. Nikanyamaza. Ningesema nini? Kwamba nilimkuta amezima? Ningemmaliza kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilikuwa namficha, mama. Kumbe nilikuwa naficha kosa langu mwenyewe!"

Wahenga walisema wema hauozi. Kweli haukuoza, lakini ulikuwa umebakiza kidogo uozeshe mayai mia tatu na sitini.

Meneja akatoa bahasha mfukoni, akaitazama, akairudisha, akaitoa tena. Mwishowe akaikunja mara nne, akaiweka kwenye kigoda, akaikalia.

Wote wakamgeukia Mama Vibanio. Kidole chake kilikuwa kinapita kwenye aproni, kibanio kwa kibanio.

"Wifi, nitukane," Karani akasema. "Nipige hata kofi. Sema kitu."

"Subiri," Bi Taratibu akamwambia. "Anapanga."

Wakasubiri.

"Kwa hiyo," Mama Vibanio akasema hatimaye, "vibanio havikunidanganya."

"Havikukudanganya, mwanangu. Hata kimoja."

Akavuta pumzi ndefu. Uso wake ukafunguka kama dirisha la asubuhi. "Alhamdulillahi," akasema. Kisha akamgeukia Karani. "Wewe nawe, wifi! Miezi kumi na moja unanifuata nyuma kama mgambo! Chakula cha jioni ulikuwa unakula saa ngapi?"

"Nilikuwa nakula kimepoa," Karani akasema, akilia na kucheka kwa pamoja.

Mlango ukagongwa. Mlinzi alikuwa amesimama na toroli. "Saa nane, Meneja. Niyachukue?"

Meneja akaanza kusema habari ya wateja, Karani akaanza kusema habari ya kulipia hasara, Mlinzi naye akauliza kama shimo linatosha. Watatu kwa wakati mmoja.

"Nyamazeni!" Mama Vibanio akasema.

Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Wakanyamaza wote. Akafungua kioo, akachukua yai moja la safu ya katikati, akaliweka sikioni. Akafumba macho. Bi Taratibu akatazama saa yake ya mkononi, si kwa haraka, ni kwa mazoea ya kazi: dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikaingia.

Kisha yule mwanamke akamnyooshea yai. "Sikiliza wewe, mama. Mimi nisije nikawa nasikia ninachotaka."

Bi Taratibu akaliweka sikioni. Yai lilikuwa na joto la shavu la mtoto. Ndani yake kulikuwa na mlio mdogo, mkavu, wa subira: tk. Kimya. Tk, tk.

"Linabisha hodi," akasema.

Meneja akanyang'anyana mayai na Mlinzi. Kila mmoja na lake sikioni, kama watu wanaopiga simu kwa ndugu wa mbali. "Na hili!" Mlinzi akapiga kelele. "Na hili linanigonga! Mama, yamechelewa tu! Usiku ule yalipoa yakalala kidogo!"

"Na siku hizi tatu," Bi Taratibu akasema, "kuna mtu aliyeendelea kuyapa joto na maji wakati sisi wenye akili zetu timamu tunachimba shimo. Bwana Meneja, hiyo nayo iandike kwenye barua."

"Barua gani?" Meneja akasema, akarudi haraka kuikalia.

Saa kumi na moja yai la kwanza lilikuwa na tundu, na ndani ya tundu mdomo mdogo unapumzika. Bi Taratibu alikuwa bado yupo. Alijiambia anamalizia maelezo, lakini daftari lilikuwa limeshafungwa. Mayai yaliyobisha alikuwa ameyahesabu mia mbili na themanini na zaidi, na mengine yalikuwa hayajaamua. Nje, Mlinzi alikuwa anafukia shimo lake kwa mguu huku anaimba.

Mama Vibanio akaanza kazi zake za jioni. "Joto," akasema, kibanio kikavuka. "Daftari. Maji. Swichi." Alipokwisha kuhamisha cha kufuli, kushoto bado kulikuwa na kibanio kimoja, cha rangi ya bluu, ambacho asubuhi hakikuwepo.

"Hicho cha kumi cha nini?" Bi Taratibu akauliza.

Mama Vibanio akavuka ukumbi mpaka mlango wa ofisi, akagonga, akaingiza kichwa.

"Wifi, nimefunga. Nenda nyumbani ukale chakula cha moto."

Akasubiri mpaka aliposikia droo ya ufunguo ikifungwa na kiti kikivutwa. Ndipo akakihamisha kibanio cha bluu kwenda kulia, akatoka langoni, ambako mama yake alikuwa anamsubiri.